Swali la Babu

Mwaka wa kwanza Mlimani nililala hosteli ya Mabibo, chumba kimoja na jamaa wa falsafa. Usiku mmoja aliniuliza kwa nini Mkurya mzima nashika dini aliyoileta mkoloni. Sikuwa na jibu. Nilimwambia aache kukufuru, tukalala.

Ndicho kilichonipeleka kwenye vipindi vya utetezi wa imani vya feloshipu yetu. Huko nikasikia kwamba Augustino alizaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, na kwamba mfalme Ezana wa Aksum alibatizwa katika karne hiyo hiyo, miaka zaidi ya 1,500 kabla ya wazungu kukaa Berlin kugawana bara. Nikasoma Mbiti, kisha Okot p'Bitek, aliyewasema Mbiti na wenzake kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. (Okot bado ananisumbua. Anaandika kama mtu anayecheka huku amekasirika.) Jamaa yangu wa falsafa nikamshinda, au nilidhani hivyo.

Desemba 2010 nikapanda basi kurudi Tarime. Ulikuwa mwaka wa tohara, vijana wanacheza barabarani, na binamu yangu wa miaka 13 alikuwa kwenye orodha ya wasichana wa kukeketwa. Sheria ya 1998 ilishakataza. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa anaandaa pombe.

Nikamfuata babu na hoja zangu zote.

"Mura," akasema, "huyo Mungu wenu alipofika hapa, alitukuta na Mungu au hakutukuta?"

Nikamjibu kwa Mbiti: alitukuta naye. Babu akatabasamu.

"Basi huyo tuliyekuwa naye ndiye aliyeziona mila zetu akanyamaza. Wewe umetumwa na nani?"

Hapo nikakwama kabisa. Kule chuoni tulijiandaa kumjibu asiyeamini kwamba Mungu yupo. Babu hakuwa na shaka hata kidogo kwamba yupo. Na mchungaji wa mtaa wetu, ambaye ningemwita anisaidie, alishaonekana kwenye sherehe ya jirani akila nyama.

Siku mbili baadaye binamu alitoroka alfajiri, akaenda Masanga, kwenye kituo cha Kanisa Katoliki kinachohifadhi mabinti wanaokimbia. Hakuniuliza wala hakunihitaji. Shangazi alilia, baba mdogo akataka kwenda na panga. Babu aliniita tena, safari hii hatabasamu.

"Wale masista wamepewa na nani haki ya kukaa na mtoto wetu?"

Sikutaja kitabu. Nilimwambia kwamba ninaamini mwili wa yule mtoto ulitoka mikononi mwa Mungu ukiwa umekamilika, kwamba ukoo hauna cha kupunguza humo, na kama mila na Mungu vikigongana mimi nimeshachagua, hata kama itanigharimu kukaa naye meza moja. Sauti ilitetemeka. Zilikuwa sentensi tatu tu, lakini bila yule jamaa wa Mabibo, na bila zile jioni za kubishana, nisingezipata. Ningesema tena aache kukufuru.

Babu alikaa kimya muda mrefu, akichora ardhi kwa fimbo. Kisha akauliza kama masista wanajua kusonga ugali wa mtama na muhogo, maana yule mtoto wa mahindi hali.

Nikasema sijui, nitaenda kuuliza. Akaniambia nipitie jikoni nichukue unga.