Msongo, Mkondo na Breka ya Kigangoni

Dominika baada ya Misa, watu wa Mwankoko hawana haraka ya kutawanyika. Tulipokuwa huko likizo, sisi mafrateri, tuliukuta ubishi umeshapamba moto chini ya mti: kinachoua mtu ni volti au ni ampea? Fundi umeme wa kigango alishikilia volti, maana ndizo zinazoogopwa kwenye nguzo kubwa. Kijana wa kidato cha nne alishikilia ampea, maana ndivyo alivyofundishwa darasani. Wazee wakatutaka sisi tuamue, kana kwamba falsafa inafundisha kufunga soketi.

Haukuwa ubishi wa kupoteza muda. Sikukuu ya somo wa kigango ilikuwa inakaribia, msimu wa mvua ulikuwa umeanza, na waya wa spika ulitakiwa kutoka sakristia, upite kwenye majani, hadi uwanjani. Mama mmoja aliuliza kama ni salama. Akajibiwa, "Usiogope mama, breka ipo."

Kiswahili chenyewe kina maneno mazuri kwa jambo hili. Wataalamu husema "laini ya msongo wa kilovolti 400", kama ile inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Msongo ndiyo volti: nguvu inayosukuma. Mkondo ndiyo ampea: kile kinachopita. Watu wa Mwankoko, ambao visima vyao hupeleka maji hadi Singida mjini, hawahitaji maelezo marefu hapa. Tenki likiwa juu, msukumo upo hata bomba likiwa limefungwa. Maji hutembea pale bomba linapofunguliwa. Ndege anayetua kwenye waya mmoja yuko ndani ya msongo mkubwa, lakini mkondo haupati njia ya kupita mwilini mwake kwenda kwingine.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi: kinachosimamisha moyo ni mkondo unaopita kifuani. Miliampea moja, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, mtu huisikia kama mtekenyo. Zikifika kama 10, misuli ya mkono hukaza na wengi hushindwa kuachia. Ndiyo maana tunasema umeme "umemvuta" au "umemnasa". Zikipita kati ya 50 na 100 kifuani kwa sekunde chache, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpangilio ukabaki unatetemeka tu.

Lakini na fundi hakukosea, kwa sababu mkondo haujisukumi. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kuwasha injini, ila ukigusa vichwa vyake viwili kwa mikono mikavu husikii kitu, kwa kuwa volti 12 ni chache mno kuipenya ngozi. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi, na hesabu inatoa miliampea 230. Mtu yule yule, akiwa mkavu na ndala miguuni, pengine angeshtuka tu akasimulia.

Tulichoona ni hatari zaidi ya volti na ampea ni neno "shoti". Nyumba ikiungua tunasema ni shoti. Mtu akifa tunasema amepigwa shoti. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Waya wa moto ukigusana na nyutro, ampea nyingi sana hupita mara moja, na breka hukata. Mtu akinaswa, kinachopita ni kidogo. Zile miliampea 230 zinakaribia kabisa kile kinachonywewa na balbu ya zamani ya wati 60. Breka ya ampea 10 haikati kwa sababu umewasha balbu. Kwake, mtu aliyenaswa ni balbu moja zaidi. Breka iliwekwa kulinda nyaya zisiungue, na jibu alilopewa yule mama halikuwa jibu.

Fundi akasema, "Basi tutachimbia ethi." Ethi ni lazima, lakini udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na Singida kwa miezi mingi ya mwaka ni kavu. Tuseme ukinzani wa ethi ni omu 50: volti 230 zitasukuma pungufu ya ampea 5, breka itakaa kimya, na bodi ya amplifaya itaendelea kuwa na umeme ikimngoja wa kuishika.

Wasomaji wetu wengi wanamfahamu mtawa Thomas Merton kwa vitabu vyake. Tarehe 10 Desemba 1968, karibu na Bangkok, alikutwa amekufa chumbani, feni ya kusimama ikiwa imemlalia, na hitilafu katika nyaya za feni hiyo ikatajwa. Haikuwa nguzo ya kilovolti 400. Ilikuwa feni.

Kipo kifaa kinacholinganisha mkondo unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake umeme unavujia mahali, pengine kupitia mtu, nacho hukata kabla sekunde haijaisha. Mafundi wanaweza kukifunga pamoja na breka. Kwa mtu aliyekwisha kunaswa, tuliwaambia vijana wa kwaya wasimshike kwa mikono: zima mein swichi kwanza, na kama haifikiki, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Hiyo ni kwa umeme wa nyumbani tu. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali uwaite wenye laini. Asiyepumua akandamizwe kifua bila kuacha hadi msaada ufike.

Halmashauri ya kigango ilikaa wiki iliyofuata. Mjumbe mmoja alitaka fedha zile zinunue kipaza sauti cha pili, na hoja yake haikuwa mbaya, maana kilichopo kinakwaruza. Yule mama wa swali la kwanza akasema kwaya inaweza kuimba bila kipaza sauti. Fundi alipewa fedha akanunue kifaa mjini, na waya wa spika ukapitishwa juu ya miti. Kifaa kina kitufe cha majaribio ambacho hakina budi kubonyezwa mara kwa mara. Kazi hiyo amepewa mtunza sakristia.