Nilipojifanya Filbert Bayi kule tunturini

Najua nimeadimika, wengine mmeshaanza kuuliza kama baridi imenimeza. Bado nipo, ila Jumamosi iliyopita nusura iwe habari nyingine. Kaeni vizuri niwasimulie.

Mnajua tangu nifike hapa Rovaniemi, kila mtu akisikia natoka Tanzania anauliza swali moja: "Kwa hiyo unakimbia?" Mwanzoni nilikuwa najieleza kwamba mimi ni mtoto wa Tanga, mbio zangu zote zimeishia kwenye kugombea daladala. Baadaye nikachoka kujieleza, na kusema kweli ile sifa ikaanza kuninogea. Nikawa najibu tu, "Ndiyo, kidogo." Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, nikawa namtaja kama vile ni mtoto wa mjomba.

Basi bwana, dada mmoja Mfini tunayesoma naye akanialika tukakimbie porini, kwenye hifadhi ya taifa ya Pallas-Yllästunturi. Ni kama saa tatu kwa gari kwenda kaskazini. Milima ya kule wanaiita tunturi. Haijachongoka, ni migongo ya mviringo: chini msitu, juu upara mtupu wa mawe na vijani vifupi. Nikaangalia ramani, kilele kirefu kuliko vyote, Taivaskero, mita 807. Nikacheka peke yangu. Lushoto mjini tu ni juu kuliko hapo!

Mpango ulikuwa kutoka Pallas mpaka kibanda cha Nammalakuru, kama kilomita 13, halafu kurudi siku hiyo hiyo. Njia hiyo ni kipande cha ile maarufu ya kilomita 55 inayoanzia Hetta. Mwenzangu alibeba begi: nguo za akiba, koti, chakula, tochi, filimbi. Mimi nilibeba simu na chupa ya maji, na nilivaa fulana ya pamba. Aliiangalia ile fulana, akataka kusema kitu, akanyamaza. Labda alijiambia huyu ni mtaalamu, anajua anachofanya.

Jamani, kule ni kuzuri. Ilikuwa Septemba, wakati majani yanageuka rangi, wenyewe wanaita ruska. Mlima mzima mwekundu na njano kama kanga zimeanikwa. Reindia, wale wanyama wa jamii ya kulungu, wanakupita karibu bila wasiwasi. Wanaonekana wa porini lakini wote wana wenyewe, kama mbuzi wa kwetu wanaozurura mtaani.

Kwenye mpando wa kwanza mwenzangu akaanza kutembea. Mimi nikampita nakimbia. Sikujua kwamba kule hata wakimbiaji wazuri hutembea penye mpando mkali, wanatunza nguvu. Akaniita, "Nisubiri kwenye nguzo!" Njia imewekewa nguzo za mbao, ukifika kwenye moja unatafuta inayofuata. Nikampungia mkono nikaenda zangu. Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili watatu wanaangalia, unafikiri ningepunguza mwendo?

Ukungu haukunipigia hodi. Dakika moja naona milima mpaka mwisho wa dunia, dakika nyingine sioni hata viatu vyangu vizuri. Niliendelea kukimbia, nafuata kijia, mpaka nikagundua sijaona nguzo muda mrefu. Kile kijia kilikuwa cha reindia. Upepo ukaanza, fulana imelowa jasho na manyunyu, imeniganda mwilini kama barafu. Nikatoa simu, imezimika kwa baridi. Vidole havikunji. Nikataka kukimbia tena ili nipate joto, lakini kukimbilia wapi?

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimfikiria mama yangu, nikajiuliza nani atamwelezaje kwamba mwanawe kafia kwenye mlima mfupi kuliko Lushoto.

Nikasimama. Halafu nikasikia filimbi, mbali sana. Ikanyamaza, ikalia tena. Nikaanza kuifuata polepole, nikipotezana nayo nasimama mpaka ilie tena. Mwenzangu alikuwa kwenye nguzo, hajabanduka hata hatua moja. Hakunigombeza. Alinivua ile fulana kama mtoto, akanivisha sweta la sufu, akasema, "Hata sisi tunaye Nurmi, dhahabu 9 za Olimpiki. Lakini si kila Mfini ni Nurmi."

Tukatembea nguzo kwa nguzo mpaka kibandani, na tulifika giza linaingia. Mle ndani kulikuwa kumejaa, wazee wenye mabegi makubwa, wamejipanga na vitanda wameshatandika. Mimi nikabaki mlangoni natetemeka. Nchi hii, wadau, mtu hakai kiti cha pembeni yako kwenye basi kama kuna kingine kitupu. Nikajua tutaambiwa pamejaa.

Mzee mmoja akasimama bila neno, akakunja begi lake la kulalia, akahamia sakafuni. Sehemu aliyoniachia ndiyo iliyokuwa karibu na jiko. Mwingine akanipa uji wa moto. Nikamwambia mwenzangu, "Waambie hapana, wao ndio wa kwanza." Akanieleza kwamba kwenye vibanda hivi vya wazi desturi ni hiyo: aliyefika mwisho ndiye mwenye haki zaidi. Waliotangulia wameshapumzika na kupata joto, kwa hiyo wanampisha.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kutwa nzima nilikuwa napigania kuwa wa mbele, na kilichoniokoa ni watu wasiojali nani wa mbele.

Usiku ule wakanisimulia kwamba mwaka 1952, kwa ajili ya Olimpiki ya Helsinki, moto uliwashwa huko Taivaskero kwa jua la usiku wa manane. Nikasema ningeomba wangeniachia kaa moja. Wakacheka wote, na mimi nikakiri: sijawahi kuwa mkimbiaji. Yule mzee akajibu, "Tumeona."

Asubuhi kabla ya kuondoka nikapewa shoka. Desturi nyingine: unachana kuni za atakayekuja baada yako. Mtoto wa Tanga nikachana, malengelenge yakanitoka, nikazipanga vizuri pembeni ya jiko. Kurudi tulitembea karibu njia nzima.

Jumatatu chuoni mtu mpya akaniuliza, "Unatoka Tanzania? Kwa hiyo unakimbia?" Nikamwambia hapana, natembea. Na natembea na sweta.

Haya wadau, ngoja nikapake mafuta mikono. Tuko pamoja.