Maumivu yasiyo na jina

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Naandika kuhusu mguu wangu wa kushoto.

Nina miaka 27. Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kuandika programu hapa Nairobi, yaani kukaa. Tangu mwaka 2024 nina maumivu yanayoanzia ndani ya nyonga, yanashuka pajani na mara nyingine yanafika gotini. Sikuanguka wala sikugongwa na bodaboda. Nimepigwa eksirei, nimetolewa damu, na kila karatasi imerudi na jibu lilelile: hakuna kitu.

Sisi waandishi wa programu tuna mzaha wetu wa zamani. Mtumiaji akilalamika kwamba programu imekwama, tunamjibu: "Mbona kwenye kompyuta yangu inafanya kazi?" Siku hizi ninayejibiwa hivyo ni mimi. Daktari mmoja aliinua picha kwenye mwanga akasema, "Kijana, mifupa yako ni mizuri sana." Nilimshukuru, nikashuka ngazi nikishika ukuta.

Ukiumwa ukiwa kijana, hakuna anayekutarajia uumwe. Kazini naitwa mzee. Kwenye basi lililojaa, mama mwenye mizigo akisimama kando yangu nami nikibaki nimekaa, macho yote hunigeukia. Kuna usiku hata mimi hujiuliza kama haya maumivu yapo kweli.

Yapo. Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini misuli na neva haizionyeshi sawasawa. Picha safi haimaanishi mwili mzima ni safi. Tena neva za sehemu hizi zimeungana: hitilafu ya mgongo wa chini inaweza kusikika mguuni, na ya nyonga ikasikika gotini. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kiliporekebisha maana ya neno maumivu, kilieleza pia kwamba mtu akisema anaumwa, neno lake liheshimiwe.

Basi nikafanya ninachofanya kazini hitilafu inapotokea na kutoweka: nikaanza kuweka kumbukumbu. Ni faili la maandishi tu. Tarehe, alama kutoka 0 hadi 10, muda niliokaa, saa nilizolala, nilichokuwa nikifanya. Baada ya wiki sita niliandika programu fupi ya Python inichoree grafu.

Mambo matatu yalijitokeza. Nikikaa zaidi ya dakika 40, alama zinapanda. Nikilala chini ya saa sita, kesho yake ni mbaya hata nisipofanya lolote. Nikitembea polepole dakika kumi, zinashuka. Mama anashikilia kwamba ni baridi. Grafu haimuungi mkono, lakini chupa ya maji moto anayoniwekea inanisaidia, kwa hiyo sibishani naye.

Niliichapisha grafu hiyo katika ukurasa mmoja, nikampelekea daktari mwingine. Aliisoma, akavuta kiti, akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Jina la ugonjwa hakunipa. Alinituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, ambaye ananifundisha kuimarisha misuli ya nyonga kidogo kidogo. Siku zangu za kawaida zilikuwa 6, sasa ni 4. Kwa mtu mzima 4 ni kitu kidogo. Kwangu mimi ni kuweza kumbeba mpwa wangu hadi dukani.

Onyo moja: naandika mara mbili tu kwa siku. Maumivu ukiyakodolea macho kutwa, nayo hukukodolea. Na kuna dalili ambazo hazingoji grafu: mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kukonda bila sababu. Ukiona hizo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Bado sijui ninaumwa nini. Huenda jina litapatikana, huenda lisipatikane. Lakini kwenye programu nimezoea kuishi na hitilafu ambayo chanzo chake hakijajulikana: unajua inapotokea, unaizungukia, kazi inaendelea, na faili unaliacha wazi.

Dakika 40 zimeisha, nainuka kunyoosha mguu. Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye Linux.