Bado 300

Kila usiku kabla sijazima taa naandika nilichotumia. Mkate 65. Sukuma 20. Bando 50. Nauli Githurai hadi tao 80, kurudi 100 kwa sababu kulinyesha, na makanga si unawajua.

Tabia hii sikuipata kwa wale jamaa wa motisha, wanaokwambia uamke saa kumi na moja, uoge maji baridi, maisha yatanyooka. Ploti ninayoishi maji ni ya baridi tu, na yakija mara mbili kwa wiki tunashukuru. Hiyo nidhamu nilishahitimu.

Nimeitoa kwa mama. Yeye huuza mahamri na mbaazi huko Voi. Saa kumi alfajiri huwa ashawasha jiko, na sijawahi kusikia mtu akimsifu kwa kujiendeleza. Nikiwa darasa la nne alinipa kazi ya kuandika waliokula kwa mkopo. Wengine hata majina hatukuyajua. Fundi wa baiskeli, mahamri 4, mbaazi 1, 70. Kijana wa koti jekundu, 40. Akilipa, mama alipiga mstari mmoja juu ya jina lake, taratibu, kama anayepiga pasi.

Chuo nilienda na daftari langu. Nililiacha mwaka wa pili, nilipoanza kubeti. Huwezi kuandika vitu kama hivyo halafu ulale. Mara ya kwanza niliweka 50 nikapata 1,400, nikawanunulia wenzangu chipsi, nikaitwa mkubwa. Hiyo 1,400 ndiyo pesa ghali zaidi niliyowahi kupata.

Muhula uliofuata nilimwambia mama asihangaike na foleni ya benki, anitumie karo kwa simu nitalipa mwenyewe. Akatuma 32,000. Nilisema nitaizungusha kidogo tu, nirudishe. Ilichukua siku 19. Mkeka wa mwisho ulichanika dakika ya 90, kwa kona ambayo hata haikustahili kuwa kona. (Bado naitetea hiyo kona, unaona?) Bila karo hakuna mtihani. Nikamwambia mama nimeahirisha muhula mmoja, wengi hufanya hivyo. Nikaanza kuandikia watu makala. Wengine hulipa baada ya wiki, wengine baada ya kutusiana.

Desemba nilienda nyumbani. Macho ya mama yameanza kumsumbua, akaniomba nimhamishie madeni kwenye daftari jipya. Nikakaa kwenye kigoda karibu na jiko, yeye anakanda unga, mimi nanakili. Karibu na mwisho nikafika ukurasa ambao mdaiwa alikuwa yeye. Juu kaandika: Chama. Karo ya kijana. 32,000. Chini yake 500, 500, 500, kila Ijumaa. Nilihesabu mara mbili. Zilikuwa 41.

Sikujua alikopa. Nilidhani aliweka akiba, kwa sababu mama za watu huweka akiba. Wiki 41, na mahamri moja ni shilingi 10. Nikajaribu kupiga hesabu ni mahamri mangapi kila Ijumaa, nikaacha njiani.

"Umefika wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kuhusu mikeka, siku 19, na kwamba hakuna muhula niliouahirisha. Hakugeuka. Mikono iliendelea na unga.

"Yote?"

"Yote, mama."

Alikata unga, akasukuma, akakata tena. Mafuta yalikuwa yashapata moto, na aliyaacha yakatoa moshi, kitu ambacho sijawahi kumuona akifanya.

"Huo ukurasa wa chama usiuandike kwa jina langu," akasema. "Weka lako."

Nikaweka langu. Zilibaki 11,500, wiki 23. Hatukuongea tena mpaka wateja walipokuja, na kwao alicheka kama kawaida.

Sasa kila Ijumaa natuma 500. Kubeti nimeacha, ingawa Jumamosi jioni huwa natembea sana, mpaka Kahawa Wendani na kurudi, simu nimeiacha kwenye keja. Ijumaa iliyopita mteja alinizungusha, nikatuma 200 na ujumbe mrefu wa kuomba radhi, aya tatu, nilivyozoea kuandika.

Alijibu baada ya saa moja: "Bado 300."