Injini ya Land Rover ya Baba: Tuifufue au Tuweke Nyingine?

Hii ni sehemu ya tano ya habari zetu za pesa na afya ya familia. Leo sizungumzii homa wala chanjo. Nazungumzia injini ya gari. Msikimbie! Mwisho tutarudi kwenye afya, tena afya ya mtu ninayempenda sana, ambaye mimi nesi mzima nilipita mbele yake kila mwezi nisione kama anaumwa.

Baba yangu alikuwa dereva wa hospitali huku kwetu Iringa. Alipostaafu alikuwa tayari ana Land Rover yake mwenyewe, 109, Series III, ya mwaka 1979, aliyoinunua mnadani ikiwa imechakaa. Injini yake ni ya petroli, sisi 2286, ileile iliyotoka nayo kiwandani Uingereza. Gari hilo ndilo lililompeleka mama kujifungua mdogo wetu wa mwisho, usiku wa mvua, barabara ikiwa tope tupu. Ndilo lililobeba mahindi yaliyotulipia ada. Kwa hiyo mkisikia mzee anagoma, msimcheke.

Mwezi wa saba mwaka jana alikuwa anatoa mahindi shambani. Kwenye mlima gari likachemka. Badala ya kusimama akaendelea, likachemka zaidi, mwisho likazima kabisa. Fundi wa pale kijijini akaja, akafungua boneti, akatikisa kichwa: "Mzee, injini imekufa. Tafuteni nyingine."

Kaka yangu yuko Dar. Ndani ya siku mbili alikuwa ameshapata injini ya dizeli ya Toyota, iliyotumika, pamoja na giaboksi yake. Bei, usafiri, kutengeneza mauntini mpya, kurekebisha propela shafti, mfumo wa umeme na fundi, jumla shilingi milioni 7. Sisi ndugu wanne tuna akaunti ya pamoja kwa ajili ya wazazi, na ndani yake kulikuwa na milioni 7 na laki kidogo. Yaani ingeisha yote.

Baba akasema neno moja tu: "Mkiitoa hiyo injini, chukueni na gari lenyewe."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka anasema mzee anapenda chuma kuliko wajukuu. Dada anasema pesa ni ya matibabu, si ya gari. Baba hasemi kitu, anakaa barazani. Mimi nikasema jamani, hata wodini hatumpeleki mtu chumba cha upasuaji kwa kutazamwa usoni tu. Vipimo viko wapi?

Tukampata fundi mwingine mjini, mzee aliyezeekea kwenye Land Rover. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Anatoa plagi, anaweka geji, mtu anapiga stata. Silinda ya kwanza ikasoma 130, ya pili 70, ya tatu 65, ya nne 125. Halafu akamwaga oili kidogo kwenye zile mbili mbovu, akapima tena. Namba hazikupanda.

Nikamuuliza maana yake. Akanifafanulia taratibu, na nikapenda kweli, maana ni kama sisi tunavyotofautisha magonjwa yenye dalili moja. Oili ikipandisha namba, ujue ringi za pistoni zimekwisha, maana ile oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopandisha, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi. Na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza, imeungua pale katikati yao. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha rangi: chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili.

"Injini haijafa hii," akasema. "Imeungua."

Alipoifungua ikaonekana kweli gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi imepinda kidogo, ila haijapasuka. Bloku nayo haina ufa. Lakini sitawadanganya kwamba ilikuwa gasketi tu. Silinda zilikuwa zimelika kwa umri, beringi za krankishafti zimechoka, na viti vya valvu za kutolea moshi vimedidimia.

Hivyo viti vina habari yake, na mama zangu hii inawahusu. Injini za zamani zilitengenezwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi ile ilikuwa inalinda viti vya valvu visilike. Lakini ilitoka kwenye moshi ikaingia kwenye vifua vya watoto, na risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, hata kwa kiasi kidogo. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ndiyo ilimalizia dunia nzima, mwaka 2021. Kwa hiyo injini ya zamani ukiifufua leo, mwambie fundi aweke viti vya chuma kigumu vinavyostahimili petroli ya sasa. Gharama yake si kubwa, na usipofanya hivyo utarudi gereji mapema.

Hesabu ya kufufua ikaja hivi: kuchonga silinda na kuweka pistoni za saizi ya juu, ringi, beringi, viti vya valvu, hedi kupigwa fesi, gasketi zote, pampu ya maji, kusafisha rejeta na ufundi. Milioni 3 na laki 1.

Kaka akasema sawa, lakini petroli inakunywa! Hapo ana haki. Gari lile linakwenda kilomita 6 kwa lita. Dizeli ingekwenda kama 10. Nikachukua daftari la mtoto nikapiga hesabu. Baba anatembea kama kilomita 3,000 kwa mwaka, shambani, kanisani na mjini mara mojamoja. Petroli ni lita 500, dizeli lita 300. Tunaokoa lita 200. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni laki 6 kwa mwaka. Tofauti ya gharama kati ya kubadilisha na kufufua ni milioni 3 na laki 9. Gawanya. Miaka sita na nusu ndiyo pesa irudi, kama hakuna kitakachoharibika katikati.

Na kuna mambo ambayo mwenye kuuza injini hakuambii. Land Rover ile ina breki za madramu magurudumu yote manne. Ekseli zake nazo zilipimwa kwa nguvu ndogo ya injini ya zamani. Ukiweka injini yenye nguvu zaidi gari litakimbia zaidi, lakini litasimama vilevile kama lilivyosimama 1979. Kule nyuma wanakaa wajukuu kwenye mabenchi ya pembeni, bila mikanda. Mimi nimefanya kazi mapokezi ya majeruhi. Sihitaji kusema zaidi. Kisha kuna kadi ya gari: namba ya injini imeandikwa mle, ukibadilisha injini lazima taarifa zibadilishwe TRA, na bima nayo iambiwe. Wengi huliruka hili, na linawaumiza siku ya ajali au siku ya kuuza.

Nisiseme kwamba kubadilisha ni vibaya. Kama bloku ingekuwa na ufa, ningesema badilisha. Kama gari lingekuwa la kazi ya kila siku, la abiria au la wagonjwa, kilomita 100 kila siku, dizeli ingelipa ndani ya mwaka, na ningeiunga mkono kwa mikono miwili, mradi breki ziboreshwe kwanza. Zipo hata injini za dizeli za Land Rover zenyewe, kama ile ya Tdi ya sisi 2495, ambazo mafundi wengi huziweka kwenye hizi za zamani kwa sababu zinaingia bila vurugu nyingi. Swali la kwanza ni gari litafanya kazi gani. Ukilijibu hilo, injini inajichagua.

Sasa nifike pale paliponiuma.

Wakati yule mzee fundi anafuta mikono, aliniuliza: "Hii imechemka muda mrefu sana. Dereva hakuiona geji?"

Nikacheka. Nikamwambia baba yangu ameendesha magari ya wagonjwa miaka thelathini, hawezi kukosa kuona geji. Nikaondoka. Njiani kicheko kikaniisha.

Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Baba, hebu twende tukae kwenye gari kidogo." Akapanda kwenye usukani. Kwenye Series III geji ya joto na ya mafuta zimo ndani ya kisahani kimoja, mbele ya dereva. Nikamuuliza, "Mafuta yamebaki kiasi gani?" Akanyamaza. Akasema, "Nusu." Swichi ilikuwa haijawashwa, sindano imelala chini kabisa.

Hakunitazama. Akasema taratibu, "Kioo kina vumbi, mwanangu." Nikapitisha kidole. Kioo kilikuwa safi.

Ndipo yote yakanirudia. Kwamba aliacha kuendesha usiku, akisema watu siku hizi wanawasha taa kali. Kwamba alibadilisha miwani mara mbili ndani ya mwaka. Kwamba alimwagia chai pembeni ya kikombe Krismasi, na sisi tukacheka. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ningesema, mngeninyang'anya funguo."

Nikammulika kwa tochi ya simu: mboni nyeupe kama moshi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa macho akathibitisha. Mimi ni nesi. Kila mwezi nampima presha na sukari, naandika kwenye daftari, najisifu. Sikuwahi hata siku moja kumwambia asome kitu.

Nikawapigia ndugu zangu wote siku hiyohiyo. Nikawaambia hatugombanii injini tena. Injini iliungua kwa sababu dereva haoni. Tungeweka ya milioni 7, angeichoma nayo, au angemgonga mtoto wa mtu. Kaka alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema, "Basi fufueni hiyohiyo, dada. Inayobaki ni ya macho."

Ndivyo tulivyofanya. Milioni 3 na laki 1 ikaenda gereji. Iliyobaki ikagharamia upasuaji, nauli, mikanda na viti vya kutazama mbele kule nyuma, na breki kufungwa upya. Baba alikabidhi funguo kwa mdogo wangu mwenyewe, hakuna aliyemnyang'anya. Daktari atasema kama atazirudisha, na kama hatasema ndiyo, hazirudi. Tumekubaliana hivyo mbele ya mama.

Mama zangu, mtoto wa jicho hautibiki kwa matone, asali wala dawa ya majani. Msiweke kitu jichoni kwa mzazi. Tiba yake ni upasuaji, mara nyingi mfupi, kwa ganzi ya jicho tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwenye kisukari anaupata mapema zaidi. Jumapili hii mpe mzazi wako kalenda au simu asome, jicho moja moja, huku umeziba la pili. Akisema taa za usiku zinamchoma, akibadilisha miwani kila mara, akianza kukwepa kuendesha, msimcheke kama sisi. Mpelekeni.

Jicho la kwanza lilifanyiwa mwezi wa kumi. Wiki tatu baadaye injini ikawa tayari. Fundi alituonya kwamba kilomita 1,000 za mwanzo tuendeshe polepole, tusibebe mzigo mzito, na oili imwagwe mapema. Mdogo wangu akawasha. Baba alikaa kiti cha pembeni, akainamia upande wa dereva, akatazama ile geji mpaka injini ikapata joto.

"Iko katikati," akasema. Kisha akaitazama tena.

Jicho la pili ni mwezi ujao, mtuombee. Wiki ijayo tutazungumzia petroli na mafuta ya taa kwenye chupa za soda, na kwa nini mtoto akinywa usimtapishe. Mwenye mzazi anayeendesha gari, mtumie hii asome. Tena asome yeye mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni unamsikiliza.

Nesi wenu.