Vilima vya Mwanza: usiangalie jiwe tu, angalia na udongo wake

Mgeni akifika Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ndani ya ziwa karibu na kivuko cha Kamanga. Wenyeji wanaishi na mawe mengine. Panda Isamilo, Igogo au juu ya Mabatini uone nyumba zilivyopangana kama ngazi, nyingine zikilifanya jabali kuwa ukuta wa nyuma. Watoto huyatelezea, akina mama huanikia nguo juu yake.

Ukiuliza kuhusu usalama, jibu la kawaida ni kwamba mawe hayo yalikuwapo tangu enzi za babu. Ni kweli. Lakini babu hakuchimba msingi chini yake, wala hakumwaga maji ya kufulia pembeni. Jabali kubwa hushikiliwa na kile kilicho chini yake. Udongo ukikatwa au ukilowa sana, jiwe hupoteza mguu.

Katika nchi za theluji, joto la ghafla wakati wa baridi huwaweka macho wakazi wa milimani, kwa sababu theluji iliyolowa huporomoka. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mvua. Desemba 3, 2023, maji na tope kutoka Mlima Hanang viliifunika sehemu ya Katesh mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mvua kubwa ilikuwa imelowesha sehemu dhaifu ya mlima hadi ikashindwa kujishikilia.

Kushauri watu wahame ni rahisi kwa asiyelipa kodi. Vilimani chumba ni nafuu na mjini unafika kwa miguu. Tena huko bondeni Mto Mirongo nao hufurika. Basi familia ijifunze kukikagua kilima, hasa mvua zikifululiza siku kadhaa.

Zunguka nyumba mchana. Je, kuna ufa mpya ardhini, upande wa juu? Mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama? Mti au nguzo imeinama? Maji yanatoka mahali ambapo hayakuwahi kutoka, au yamegeuka tope ghafla? Kuna pengo jipya kati ya jiwe na udongo? Dalili moja inatosha kumwita mwenyekiti wa mtaa; zikiwa mbili, watoto na wazee wasilale humo usiku huo.

Yapo pia yasiyohitaji fedha nyingi. Elekezeni maji ya paa na ya kufulia kwenye mtaro, yasizame nyuma ya nyumba. Msichimbe mchanga wala kokoto chini ya jabali. Acheni majani na miti, mizizi yake hushika udongo. Kitanda cha mtoto kisikae upande wa mlimani.

Mkisikia ngurumo ya mawe yakigongana, tokeni kwa kukimbilia pembeni, msishuke kuelekea linakoporomokea. Mkishafika salama, pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Asirudi mtu kufuata godoro.