Maji Yaliyotulia

Wiki moja baada ya kumzika baba nilirudi chuoni Dar es Salaam, nikanunua tangi la lita 60 na samaki watano. Niliwatia siku hiyohiyo. Kila jioni mama alipiga simu: "Moyo umetulia, mwanangu?" "Umetulia, mama."

Kufikia Jumapili samaki wote walikuwa wamekufa, na maji bado maangavu. Nikasoma: taka za samaki hutoa amonia, sumu isiyoonekana. Bakteria wa kuigeuza nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki kadhaa kuzaliana kwenye chujio.

Mama alipouliza tena, nilisema, "Bado." Tukalia wote.

Tangi halina samaki. Kila asubuhi nadondosha chembe za chakula, nawalisha bakteria nisiowaona. Nasubiri.